Kupima Usawa Mtaani Nairobi: Anza na Bei ya Mtungi wa Maji

Mtungi wa lita 20 ukiuzwa shilingi 10, lita elfu moja ni mitungi 50, yaani shilingi 500. Mifereji ikikauka na bei ikapanda hadi 20, lita hizo ni shilingi elfu moja. Sasa vuka barabara uingie upande wa nyumba za mageti, umwombe mtu unayefahamiana naye akuonyeshe bili yake ya maji. Yuniti moja kwenye bili ni lita zilezile elfu moja. Gawanya pesa za maji kwa idadi ya yuniti, kisha uandike bei hizo mbili sambamba kwenye karatasi. Umeshapima usawa wa kiuchumi bila kompyuta, na mwakilishi wadi atapata taabu kukubishia kwa sababu bei ya mtungi anaijua hata yeye.

Naanzia hapo makusudi. Wengi wanaotaka kupima usawa hukimbilia swali la kipato: “Unapata ngapi kwa mwezi?” Mtaani swali hilo halina jibu. Mwenye mshahara atapunguza kidogo, mwenye ploti, yaani nyumba za kupangisha, atapunguza sana, na mama mboga atakuuliza, “Mwezi gani? Wa mvua ama wa jua?” Ila kila mtu anajua amelipa ngapi, amengoja muda gani na ametembea hadi wapi. Mwongozo huu umejengwa juu ya mambo hayo matatu, na unamfaa mtu wa kikundi cha vijana, chama cha wakazi, kanisa, msikiti au shirika dogo linalotaka kupima mtaa mmoja au miwili ya Nairobi kwa bajeti ya nauli na karatasi.

Kwanza, mkubaliane mnapima nini

Usawa na usawa wa haki ni vitu viwili. Shule mbili za umma zikipewa kiasi kilekile kwa kila mwanafunzi, huo ni usawa. Lakini moja ikiwa bondeni, ambako kila Aprili maji yanaingia darasani, na nyingine ikiwa mlimani penye lami na mtaro, shilingi ileile haifanyi kazi ileile. Ya bondeni itatumia sehemu ya pesa zake kukausha sakafu kabla ya kununua kitabu. Unapopima usawa wa haki, usiishie kuuliza kila mmoja amepewa nini. Uliza kila mmoja amefika wapi, na kufika huko kumemgharimu nini.

Orodha ya mambo ya kupima huna haja ya kuibuni. Ibara ya 43 ya Katiba ya 2010 imeshaitaja: afya, makazi na usafi, chakula, maji safi, hifadhi ya jamii na elimu. Ibara ya 27 inakataza ubaguzi na kutaja misingi yake, kama jinsia, ulemavu, umri, kabila na dini. Ya kwanza inakupa safu za jedwali lako, ya pili inakuambia ulichane kwa makundi gani. Faida ya kuanzia kwenye Katiba utaiona siku ya kusimama mbele ya maofisa: huwaombi hisani.

Chora mpaka mdogo

Hapa ndipo kazi nyingi huharibika. Utafiti wa bajeti za kaya wa 2015/16 uliwaweka Wakenya maskini kuwa asilimia 36.1 na Nairobi asilimia 16.7. Ukisoma haraka utadhani Nairobi imepona. Wastani wa Nairobi unaweka Muthaiga na Mathare kwenye sufuria moja, na mitaa hiyo miwili inatenganishwa na barabara tu.

Kushuka hadi eneo bunge hakusaidii sana. Dagoretti Kaskazini ina wadi tano: Kilimani, Kawangware, Gatina, Kileleshwa na Kabiro. Tafuta wastani wa Kileleshwa na Gatina upate mtu asiyeishi popote. Hata ndani ya wadi moja kuna ghorofa zenye lifti na vyumba vya mabati vinavyotazamana. Mgawanyo huu haukuja wenyewe. Serikali ya kikoloni iliwapangia Wazungu magharibi kwenye miinuko, Wahindi Parklands na Ngara, Waafrika Eastlands, na mabomba ya maji na maji taka yakafuata ramani hiyo. Tembea leo ukitafuta mtaro uliofunikwa na bado utaiona.

Basi chora mpaka wako kwa miguu. Chukua ramani ya simu, zunguka na watu wawili wanaoishi hapo, na mgawanye eneo kwa mambo yanayoonekana: barabara, mto, reli, laini kubwa ya stima. Pata angalau vipande viwili vinavyopakana ili uwe na cha kulinganisha. Kisha hesabu milango. Usikubali idadi ya kusikia. Kibera ilisemwa kwa miaka kuwa na watu milioni moja, sensa ya 2009 ikahesabu 170,070. Wapo waliobisha hesabu hiyo pia, na ndiyo sababu nakwambia uhesabu milango mwenyewe, ploti kwa ploti, uandike na tarehe.

Kabla ya kuzunguka, mpigie hodi chifu na mjumbe wa Nyumba Kumi. Kisheria utakuwa salama zaidi, na kiutendaji utaepuka kuulizwa kila kona kama wewe ni wa kubomoa nyumba. Hofu hiyo ina msingi. Baada ya mafuriko ya Aprili na Mei 2024, waliokuwa karibu na mito waliamriwa kuhama na nyumba zikabomolewa. Mtu mwenye karatasi na kalamu anayehesabu milango karibu na Mto Mathare anafanana sana na mtu wa tingatinga.

Vifuniko vya soda

Usiandike vigezo ukiwa ofisini. Itisha vikao vidogo vya watu wanane au kumi, wanawake peke yao, wanaume peke yao, vijana peke yao, na wapangaji mbali na wenye ploti. Hakuna mpangaji atakayesema ukweli juu ya choo mbele ya mwenye choo.

Weka chini karatasi zenye michoro: maji, choo, kodi ya nyumba, nauli, hospitali, shule, usalama, stima. Mpe kila mtu vifuniko kumi vya soda avigawe kulingana na kinachomtesa zaidi, kisha uulize kwa nini. Katika kikao kimoja nilichoendesha, wanaume walimwaga vyao kwenye kazi na nauli. Kwa wanawake, shosho mmoja alichukua vifuniko vyake vyote kumi akaviweka kwenye choo. Nikadhani hajaelewa mchezo. Akanieleza taratibu, kama mtu anayemfunza mtoto, kwamba choo cha ploti yao hufungwa kwa kufuli saa tatu usiku, ufunguo analala nao keateka, yaani msimamizi wa ploti, na yeye shosho ana kisukari. Hojaji yangu ilikuwa na swali “Je, mna choo?” na jibu la ploti ile lingekuwa “Ndiyo.” Swali lilibadilishwa siku hiyohiyo.

Vigezo vichache, vilivyonyooka

Kumi vinatosha. Vikizidi kumi na vitano wahojiwa watakuchoka. Hivi ndivyo ninavyoviuliza mimi.

Maji: bei ya mtungi jana, idadi ya mitungi iliyotumika jana, na dakika za kungoja foleni. Uliza jana, usiulize “kwa kawaida”. Kawaida ni ndoto ya kila mtu. Na ubebe chupa ya lita moja uupime mtungi wenyewe mara moja, maana mingine imebonyea na haifikishi lita 20.

Choo: kaya ngapi kwa choo kimoja kinachofanya kazi, na kama kinaingilika saa nne usiku. Vyoo uvihesabu kwa macho.

Kodi: kodi ya mwezi ukigawa kwa matumizi yote ya kaya. Ongeza swali la ukubwa wa chumba, ili upate bei kwa kila futi ya mraba. Wakati mwingine utakuta chumba cha mabati cha futi kumi kwa kumi kinalipiwa zaidi kwa futi kuliko nyumba ya kupanga yenye vyumba vitatu, na jambo hilo huwashangaza hata wanaokilipia.

Nauli: “Wiki iliyopita, ulitembea kwenda kazini siku ngapi kwa sababu ya pesa?” Maneno manne ya mwisho ni muhimu, maana anayeishi hatua mia tano kutoka kiwandani anatembea kwa raha zake. Uliza pia nauli ya siku ya mvua, maana matatu hupandisha mawingu yakitanda tu.

Afya: usiulize “Una bima?” Tangu Oktoba 2024, SHA, mamlaka mpya ya bima ya afya ya taifa, ilipochukua nafasi ya NHIF, wengi wamejisajili, lakini kujisajili ni tofauti na kulipiwa. Uliza: “Mtu wa mwisho kuugua humu ndani alienda wapi, alilipa nini, na dawa zilinunuliwa wapi?” Jibu la “duka la dawa hapo chini, kwa deni” litakupa picha kuliko kadi yoyote.

Ulemavu: ukiuliza “Kuna mlemavu hapa?” utajibiwa hakuna, huku amefungiwa chumbani. Tumia maswali sita mafupi ya Washington Group yanayotumika duniani kote: kuona, kusikia, kutembea, kukumbuka, kujihudumia na kuwasiliana, kila moja kwa kiwango cha ugumu kuanzia hakuna hadi haiwezekani kabisa.

Yaliyobaki, kama umbali wa shule ya umma, stima halali au ya kuunganishiwa, na umbali wa mlango hadi ukingo wa mto, yanaulizika moja kwa moja. Stima uiulize mwisho kabisa, ukishaaminiwa.

Kuchagua milango

Umehesabu milango 1,200 na una uwezo wa kuhoji kaya 120. Gawanya: kila mlango wa kumi. Wa kuanzia, andika namba 1 hadi 10 kwenye vikaratasi, tia kwenye kofia, mtoto achomoe. Ikitoka 7, ni wa 7, wa 17, wa 27, hivyo hivyo hadi mwisho. Usiruke mlango kwa sababu ni mchafu au mbwa ni mkali. Ukiruka milango migumu umeshachagua majibu.

Kaya mia moja zikichaguliwa kwa bahati nasibu zinakupa jibu lenye kosa la takriban asilimia 10 juu au chini, na mia nne takriban asilimia 5. Kwa hiyo ukiwa na kaya 120, ukipata asilimia 42 upande huu na 46 ule, usipige kelele. Hiyo si tofauti bado. Ukipata 42 na 80, piga.

Muda una uzito kuliko idadi. Kundi letu liliwahi kuhoji kuanzia Jumanne hadi Alhamisi, asubuhi, kwa sababu ndizo siku tulizokuwa na nafasi. Milango karibu nusu ilikuwa na kufuli, tukabadilisha na ya jirani. Matokeo yalionyesha mtaa wa akina mama wenye watoto wachanga na watu wasio na kazi. Wa kiwandani, wa mjengo na wafanyakazi wa nyumbani hawakuwemo. Tulirudia kazi yote jioni na Jumapili alasiri, na kodi ya wastani ikabadilika. Mlango ukiwa na kufuli rudi mara tatu kwa saa tofauti kabla ya kuubadilisha. Na uepuke tarehe 1 hadi 5 ya mwezi: ukibisha siku hizo watadhani ni keateka wa kodi, na watanyamaza ndani na redio wakiizima.

Wahoji wawe wa mtaa wa jirani, wasiwe wa mtaa huohuo. Wa hapohapo anajua mengi mno, na hakuna anayetaka kumtajia jirani deni lake. Hojaji uiweke kwenye KoboToolbox, programu ya kukusanyia majibu, kama mna simu janja, ina toleo la bure na inafanya kazi bila intaneti.

Majina usiyaandike, wala namba za kitambulisho, wala za simu. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inakutaka upate ridhaa na ukusanye kile tu unachokihitaji, na kwa kazi hii jina hulihitaji. Mlango upe namba ya siri, na orodha ya namba ikae kwa mtu mmoja.

Hesabu

Badala ya kipato, jumlisha matumizi ya mwezi: chakula cha jana mara thelathini, kisha kodi, maji, stima, nauli, karo, matibabu, marejesho ya mikopo ya simu na michango ya chama. Chakula cha kadogo kihesabu kwa bei yake halisi. Anayenunua mafuta ya kupima ya shilingi 20 kila jioni analipa bei kubwa kwa lita kuliko anayebeba mtungi kutoka supamaketi, na pengo hilo ni kigezo kingine cha bure ulichokipata.

Kisha ugawe kwa watu, lakini si kwa vichwa. Takwimu za umaskini za Kenya humhesabu mtoto wa chini ya miaka 5 kuwa 0.24 ya mtu mzima, wa miaka 5 hadi 14 kuwa 0.65, na kuanzia 15 kuwa mtu kamili. Baba, mama, mtoto wa miaka 10 na wa miaka 3 ni 2.89. Wakitumia shilingi 26,000, kila mtu mzima anapata kama 9,000. Ungegawa kwa vichwa vinne ungepata 6,500 na ungewaona maskini kuliko walivyo.

Tuseme kaya kumi, baada ya kugawa hivyo, zimetoka na maelfu haya: 4, 5, 5, 6, 7, 8, 9, 11, 15 na 30. Jumla ni 100, wastani ni shilingi 10,000. Kaya saba kati ya kumi ziko chini ya wastani. Kaya ya katikati iko 7,500, na hiyo ndiyo namba ya kutangaza.

Mstari wa umaskini wa mjini katika ule utafiti wa 2015/16 ulikuwa shilingi 5,995 kwa mtu mzima kwa mwezi. Kwa mstari huo, kaya tatu ni maskini, na ya nne yenye 6,000 imevuka kwa shilingi tano. Shilingi tano ni nusu ya mtungi. Tena bei zimepanda mno tangu wakati huo, hivyo lazima upandishe mstari kwa mfumuko wa bei kabla ya kuutumia, na siku zote useme ni wangapi wako karibu tu juu yake.

Kipimo rahisi cha pengo ni uwiano wa Palma, wenye jina la mwanauchumi wa Chile Gabriel Palma: fungu la asilimia 10 ya juu ukigawa kwa fungu la asilimia 40 ya chini. Hapa ni 30 kwa 20, yaani 1.5. Ukimwambia mtu kwamba kaya moja inatumia mara moja na nusu ya kaya nne zikijumlishwa, anaelewa akiwa amesimama.

Kipimo cha Gini, cha Mwitaliano Corrado Gini tangu 1912, kinakwenda kutoka 0 (wote sawa) hadi 1 (mmoja ana vyote). Panga kaya kutoka ya chini, zidisha kila kiasi kwa nafasi yake (4 mara 1, 5 mara 2, hadi 30 mara 10), jumlisha upate 722. Zidisha kwa 2, gawa kwa idadi ya kaya mara jumla, yaani 1,000, upate 1.444. Toa 11 gawa kwa 10, ambayo ni 1.1. Gini ni 0.344. Iweke kwa ajili ya wataalamu. Sijaona mtu wa mtaani aliyekasirishwa na 0.344.

Baada ya hapo chana kila kigezo: wanawake wanaoongoza kaya na wanaume, wapangaji na wenye ploti, wenye ugumu wa kutembea na wasio nao, kipande hiki cha mtaa na kile. Kundi likiwa na kaya chini ya 20, simulia tu, usitoe asilimia.

Kuzipeleka zinakosikilizwa

Takwimu zina msimu. Kaunti huwasilisha mpango wa maendeleo wa mwaka kufikia Septemba 1, waraka wa mkakati wa fedha kufikia Februari 28, na makadirio ya bajeti kufikia Aprili 30. Ukienda Mei umechelewa, utapewa soda na pole. Kinachokosekana, kama orodha ya miradi ya wadi na pesa zilizotumika, kiombe kwa barua ukitaja Ibara ya 35 na Sheria ya Kupata Habari ya 2016. Wana siku 21 za kujibu, na wakinyamaza unakata rufaa kwa Tume ya Haki ya Utawala. Weka nakala iliyopigwa muhuri wa kupokelewa. Barua isiyo na muhuri haikuandikwa.

Kwamba njia hii hufika mahali, tazama Mukuru. Wakazi, wakiwemo wa Muungano wa Wanavijiji, shirikisho la wakazi wa mitaa ya mabanda, walihesabu milango, vyoo na bei za huduma kwa miaka, na mwaka 2017 kaunti ikatangaza Kwa Njenga, Kwa Reuben na Viwandani kuwa eneo maalumu la kupangwa upya. Mambo hayajaisha huko, lakini walikaa mezani wakiwa na namba zao wenyewe.

Mwaka ujao rudia mwezi uleule kwa maneno yaleyale ya hojaji. Ukilinganisha Januari ya karo na Agosti, umepima kalenda.

Na kabla ya kaunti, matokeo yarudi mtaani. Siyo ripoti: karatasi moja kubwa, namba sita, Kiswahili, ibandikwe penye foleni ya maji, na kalamu ining'inizwe kwa uzi. Yetu ilikaa siku nne. Pembeni ya bei ya mtungi, tuliyoandika 10, mtu alichora mshale akaandika “Jumapili 15.” Tulirudi Jumapili saa mbili asubuhi tukasimama foleni na mitungi yetu, tukalipa 15, na namba ikabadilishwa kabla ya kwenda kwa mwakilishi wadi.